Kubeba Mabishano hadi Ukurasa wa Mwisho

Mchoro ulionibadilishia namna ya kufanya kazi ulikuwa na nundu mbili. Tulikuwa tumewauliza watu wa jamii moja ya wavuvi kama wanaunga mkono kufungwa kwa sehemu ya ziwa kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wapate kuzaliana, na majibu yalipangwa katika ngazi tano, 1 ikiwa ya anayepinga kabisa na 5 ya anayeunga mkono kabisa. Wastani uliangukia karibu na 3. Katika ripoti niliandika kwamba jamii ile "inaunga mkono hatua hiyo kwa kiasi", nikaikabidhi, ikapokewa vizuri, na uamuzi ukapitishwa kwa kuitegemea. Miezi mingi baadaye mwenzangu mmoja aliniomba data ghafi ili afundishie wanafunzi wake. Alipoyachora majibu yote badala ya kuishia kwenye wastani, ilionekana wazi kwamba waliojibu 1 walikuwa wengi, waliojibu 5 walikuwa wengi, na pale katikati, mahali nilipokuwa nimeisimamisha jamii nzima, walikuwapo watu wachache tu ambao hawakuwa wameamua. Nilikuwa nimeandika msimamo wa watu ambao hawakuwapo.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilikosea kwa kudhani kwamba watu wanapotofautiana kuhusu jambo wanalolithamini, ukweli umekaa mahali fulani kati yao na kazi ya mtafiti ni kuukokotoa. Dhana hiyo imeenea sana katika utafiti wa uendelevu, nami naelewa inatoka wapi: anayegharimia utafiti anataka jibu moja, anayeamua anataka sentensi moja ya kusoma mbele ya kikao, na mtafiti mwenyewe, baada ya miezi ya kusikiliza watu wakivutana, anatamani kuona namba iliyotulia. Lakini mgongano wa maadili ni sehemu ya kile tulichokwenda kukipima, na anayeusafisha ili ripoti isomeke vizuri anatupa data. Tangu siku ile nimejiwekea sharti kwamba mabishano niliyoyakuta uwandani lazima yafike hadi ukurasa wa mwisho wa ripoti yakiwa bado yanatambuliwa na wenyewe. Ni sharti gumu kuliko linavyosikika.

Ugumu wa kwanza umo katika maneno. Tunapotamka "maadili", wengi husikia habari za adabu na mwenendo mwema. Tunapotamka "thamani", wengi husikia bei. "Tunu" ni neno zuri, ila limezoeleka zaidi katika hotuba kuliko katika hojaji. Hapa nitatumia maadili kwa maana ya yale ambayo mtu anaona yanastahili kulindwa hata kama kuyalinda kuna gharama, na misimamo kwa maana ya hitimisho analolifikia kuhusu jambo fulani lililo mbele yake. Tofauti hii inaweza kuonekana ya kitaaluma mno, lakini imenisaidia mara nyingi. Watu wawili wanaweza kupinga ujenzi wa bwawa lilelile, mmoja kwa sababu ya ndege wa kinamasi kitakachozama, mwingine kwa sababu makaburi ya wazazi wake yatafunikwa na maji. Siku mhandisi atakapochora upya mipaka ya bwawa ili makaburi yasiguswe, muungano wao utavunjika, na mtafiti aliyehesabu misimamo peke yake atashindwa kueleza kilichotokea.

Ugumu wa pili ni kwamba wengi wetu tunadhani maadili huingia katika utafiti mwishoni, wakati wa kuandika mapendekezo, na kwamba kabla ya hapo kuna vipimo tu. Kwa uzoefu wangu huingia siku ya kwanza, katika kuchagua swali, mpaka wa eneo, kizio cha kupimia na urefu wa muda. Hata fasili tunayoanza nayo karibu sote imebeba uchaguzi wa namna hiyo. Tume ya Brundtland, ile ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, katika ripoti yake ya mwaka 1987, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi mahitaji yao. Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali. Inayosahaulika ni ile inayoifuata, ambayo inasema kwamba neno "mahitaji" linahusu hasa mahitaji ya msingi ya maskini wa dunia, nayo yapewe kipaumbele kikubwa kuliko mengine yote. Ukiiacha sentensi hiyo ya pili, fasili inageuka kuwa mizani kati ya waliopo na watakaokuja. Ukiirudisha, inawauliza waliopo swali zito kuhusu wao kwa wao. Kuiacha au kuirudisha ni uamuzi wa kimaadili, hata kama mwandishi aliifupisha kwa ajili ya nafasi tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni ule wa wachumi wa tabianchi. Mwaka 2006 Nicholas Stern, katika tathmini aliyoiandikia serikali ya Uingereza, alichukua asilimia 0.1 kwa mwaka kuwa kiwango cha kupunguza uzito wa ustawi wa watu wa baadaye kwa sababu tu wako mbali nasi kwa wakati. Hoja yake ilikuwa kwamba kuzaliwa baadaye hakumpunguzii mtu haki ya kuhesabiwa, na asilimia hiyo ndogo aliiacha kwa ajili ya uwezekano kwamba binadamu wangetoweka kabisa. William Nordhaus, ambaye baadaye, mwaka 2018, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alitumia asilimia 1.5, akisema kwamba hesabu inapaswa kuendana na jinsi watu wanavyoonekana kweli kuweka akiba na kuwekeza. Kiwango cha mwisho cha hesabu hutokana na vipengele vingine pia, lakini matokeo ya tofauti ndogo kama hizi hukua kwa kasi ya kutisha. Hasara ya 100 itakayotokea miaka 100 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 1 kila mwaka, leo ina uzito wa karibu 37. Ukiipunguza kwa asilimia 5, uzito wake leo haufiki hata 1. Mmoja ataona dharura ya kuchukua hatua sasa, mwingine ataona sababu ya kwenda polepole, na wote wawili watakuwa wametumia taarifa zilezile za joto, za mvua na za kina cha bahari.

Hakuna kipimajoto kitakachoamua kati yao. Ninachokithamini katika mjadala ule ni kwamba kila upande uliiweka namba yake hadharani pamoja na sababu zake, hivi kwamba msomaji asiyekubaliana angeweza kubadilisha namba, akakokotoa upya, akaona mwenyewe hitimisho linavyohama. Katika tafiti nyingi ninazozipitia namba za namna hiyo zimefichwa ndani ya programu ya kompyuta au kwenye kiambatisho kisichosomwa na mtu, na msomaji anaambiwa tu kwamba "modeli inaonyesha".

Hata hivyo, si kila mabishano yanayoonekana kuwa ya maadili ni ya maadili kweli, na hapa ndipo nimeona watafiti wazuri wakikosea vibaya. Kisa cha chewa wa Atlantiki huko Newfoundland, Kanada, hunirudia kila ninapokaa na wavuvi. Katika miaka ya 1980 wavuvi wa karibu na pwani, wenye vyombo vidogo na mitego iliyowekwa mahali pamoja, walilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba samaki wanapungua na wanaopatikana ni wadogo. Makadirio rasmi ya wakati huo yalitegemea kwa kiasi kikubwa takwimu za meli kubwa za kuburura nyavu katika kina kirefu, na takwimu hizo zilionyesha kwamba samaki bado wapo wa kutosha. Malalamiko ya wavuvi wadogo yalikuwa rahisi kutafsiriwa kuwa ni wivu wa riziki: wenye vyombo vidogo wanawaonea kijicho wenye meli. Kumbe meli zile zilikuwa na vifaa vya kulitafuta kundi la samaki popote lilipojikusanya, kwa hiyo ziliendelea kujaza nyavu hata jumla ya samaki ilipokuwa ikiporomoka, ilhali mtego usiohama ulikuwa ukieleza habari ya kweli kuhusu mahali ulipo. Julai 1992 serikali ilisimamisha uvuvi wa chewa katika eneo hilo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Kilichoitwa mgongano wa masilahi kilikuwa mgongano wa vipimo, na upande uliodharauliwa ndio uliokuwa na kipimo bora.

Kwa sababu hiyo nimezoea kuuliza swali moja mapema, kabla ya hojaji yoyote, na kuliuliza kwa kila upande kwa maneno yaleyale: ni jambo gani likithibitika litakufanya ubadilishe msimamo wako? Mvuvi akinijibu kwamba akionyeshwa mayai ya samaki katika sehemu inayopendekezwa kufungwa atakubali ifungwe, basi ubishi wake na wahifadhi ni wa ushahidi, na njia yake ni kwenda pamoja naye kutazama. Akinijibu kwamba hata mayai yakijaa sehemu yote, yeye hawezi kukubali mtu wa mbali amwamulie lini aingie ziwani, basi nimefika kwenye jambo la maadili, na nitakuwa namdharau nikiendelea kumletea takwimu za mayai. Swali hilihili huwauliza wanasayansi wenzangu, na lazima niseme kwamba wao ndio hukasirika zaidi. Tunajiona watu wa ushahidi, kwa hiyo inauma kugundua kwamba kuna mambo tusiyokuwa tayari kuyaachia ushahidi wowote.

Kuna migongano ambayo hakuna data itakayoimaliza, na mingi ya hiyo katika uwanja wetu ni kati ya watu ambao wote wanazungumza lugha ya uendelevu. Katika rasi ya Fosen nchini Norwei, mitambo 151 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilijengwa Storheia na Roan, katika malisho ya majira ya baridi ya kulungu wa Aktiki wanaofugwa na Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya. Upande mmoja ulisema dunia inahitaji umeme usiochafua hewa. Upande wa pili ulisema ufugaji wa kuhamahama umeitunza ardhi ile kwa muda mrefu, na ukiondolewa malisho ya baridi unakufa, na pamoja nao unakufa utamaduni mzima. Mahakama ya rufani iliona kwamba fidia ya kuwawezesha wafugaji kuwalisha wanyama ndani ya uzio wakati wa baridi ingelimaliza tatizo. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo na kuamua kwa kauli moja kwamba leseni zilikuwa batili, kwa kuwa ziliingilia haki ya Wasami ya kufuata utamaduni wao kama inavyolindwa na ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Wakati hukumu inasomwa mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Makubaliano kati ya wafugaji na waendeshaji wa mitambo yalipatikana baadaye sana, ya kwanza Desemba 2023 na ya pili Machi 2024.

Mahakama haikusema kwamba umeme wa upepo ni mbaya, na mimi pia siamini hivyo. Ninachokisoma katika kisa hiki kama mtafiti ni uzito wa mpangilio wa maswali. Swali "hasara ni kiasi gani, na italipwaje?" linasikika kuwa la kitaalamu na lisiloegemea upande wowote, lakini tayari limeshajibu swali lingine lililotangulia, yaani kama kitu hicho ni cha aina inayoweza kulipwa. Mtaalamu aliyetumwa kukadiria gharama ya majani ya kulishia ndani ya uzio anaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu wote, akakokotoa kwa usahihi, na bado akawa amemsaidia mwenye nguvu kuruka swali ambalo mfugaji alikuwa analiuliza. Wachumi wa ikolojia wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba baadhi ya mambo hayalinganishiki kwa kizio kimoja. Mtu anaweza kulisoma dai hilo miaka mingi bila kulielewa, kisha akalielewa siku moja kwa kukaa na mtu anayekataa kutaja bei.

Kubeba mabishano yote, lakini, hakumaanishi kuyapa yote uzito sawa, na nalisema hili kwa sababu neno "mitazamo tofauti" limeanza kutumiwa kama mlango wa nyuma wa kuingizia madai yaliyokwisha kushindwa kwa ushahidi. Jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilisema mwaka 2021 kwamba hakuna shaka kuwa shughuli za binadamu zimepasha joto anga, bahari na nchi kavu. Anayelikana jambo hilo hapati nusu ukurasa katika ripoti yangu kwa jina la usawa. Anayeuliza ni nani abebe gharama ya kupunguza gesijoto, na kwa nini mchimba makaa apoteze kazi leo ili mtu asiyemjua anufaike kesho, anastahili nafasi yake yote, kwa sababu swali lake ni la haki, na grafu ya joto haiwezi kulijibu.

Na uzito haupotoshwi na madai ya uongo peke yake. Mara nyingi hupotoshwa na jinsi kikao kilivyopangwa: saa iliyowekwa, lugha iliyotumika, nani aliketi karibu na mwenye kipaza sauti. Nimeshuhudia kikao cha "maoni ya wadau" kikiwekwa katika saa zilezile ambazo wanawake wote wanaonunua na kukausha samaki huwa ufukweni wakisubiri vyombo virudi, kisha ripoti ikaandika kwamba wanawake "hawakuwa na pingamizi". Sherry Arnstein aliuchora ushirikishwaji mwaka 1969 kama ngazi yenye vipandio nane, na viwili vya chini kabisa alivihesabu kuwa si ushirikishwaji hata kidogo. Tathmini ya jukwaa la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2022 kuhusu namna ya kuithamini asili, ilibainisha zaidi ya mbinu 50 za kufanya kazi hiyo. Katika tafiti zaidi ya 1,000 ilizozichambua, asilimia 2 tu zilirudi kwa wahusika kuwauliza kuhusu matokeo, na asilimia 1 tu ziliwashirikisha katika kila hatua. Hatukuwa na upungufu wa mbinu, basi. Tulikuwa hatujarudi.

Mimi nilirudi kwa wavuvi wale, nikiwa na kadi. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwanasaikolojia William Stephenson aliipendekeza mwaka 1935. Unaandika kauli moja katika kila kadi, kisha mtu anazipanga zote juu ya meza yenye nafasi zilizochorwa, kuanzia kauli anayoipinga kuliko zote upande mmoja hadi ile anayoikubali kuliko zote upande wa pili, na nafasi za pembeni ni chache kuliko za katikati, kwa hiyo hawezi kukubali kila kitu kwa nguvu ileile. Kinachotafutwa ni sura nzima ya fikra ya mtu, jinsi jambo moja linavyosimama kando ya jingine, na baada ya hapo unaangalia ni akina nani wanafikiri kwa sura zinazofanana. Tofauti na zile ngazi tano, hapa nundu mbili haziwezi kujificha.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kukausha samaki. Alizipanga kadi kwa haraka na kwa uhakika, akirudisha moja au mbili nyuma na kuzisogeza, hadi akabaki na kadi moja ambayo aliiweka mapajani. Iliandikwa: "Samaki wa ziwa hili wana thamani kwa vizazi vijavyo." Mwenzangu alimkumbusha kwa upole kwamba imebaki nafasi moja. Mama yule aliitazama nafasi ile, akaitazama kadi, akasema, "Hii haina mahali hapa, mwanangu. Thamani ni ya kitu unachoweza kukitia kwenye mzani ukakiuza. Hawa ni amana. Amana huipangi pamoja na vitu vyako."

Kwa utaratibu tuliokuwa nao, jibu hilo lilitakiwa kuandikwa kuwa halikukamilika, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Sikuandika. Niliandika maneno yake, na jioni tulikaa kuyajadili mpaka usiku. Tulikuwa tumechukua dhana kutoka vitabu vyetu, tukaitafutia neno la Kiswahili lililo karibu, na neno hilo likavuta pamoja nalo soko zima. Amana ni jambo jingine. Mwenye kuishika si mwenye mali. Mwenyewe yupo, hata kama hayupo hapa, na siku moja ataulizia. Huwezi kumuuliza mshika amana angekubali kulipwa kiasi gani ili aiachilie, kwa sababu swali lenyewe linamwalika kuwa mwizi. Hojaji yetu ya kwanza, ile iliyozaa wastani wa 3, ilikuwa na swali la namna hiyo hasa, na nilikuwa nimeshangaa kwa nini watu wengi waliliruka.

Tuliandika kadi upya kwa neno lake na kuirudisha kwa wote waliokwisha kupanga kadi zao. Nilitarajia kwamba waliounga mkono kufungwa kwa sehemu ya ziwa wangeiweka juu na waliopinga wangeiweka chini. Karibu wote, wa pande zote mbili, waliiweka juu kabisa. Ndipo tukauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: amana ya nani, na kwa ajili ya nani? Waliounga mkono walisema wameachiwa na waliotangulia ili wawafikishie wasiozaliwa bado, kwa hiyo mwenye haki ya mwisho ni yule ambaye hajafika. Waliopinga walisema wameachiwa na waliotangulia ili kuwalea waliopo, na kwamba hakuna mzazi aliyeacha amana kwa sharti kwamba wajukuu zake walale njaa wakiilinda. Kijana mmoja, ambaye katika hojaji alikuwa amejibu 1, aliniambia kwamba alihisi maswali yetu yalimtaka achague kati ya kuwa mtu anayejali na kuwa mtu asiyejali, naye akaona afadhali apinge kuliko kukubali kwamba alikuwa hajali.

Mgongano haukupungua hata kidogo kwa ugunduzi huo. Ulihama mahali. Tulidhani uko kati ya riziki na mazingira, na wapatanishi wengi wangetumia miaka wakitafuta nukta ya kukutana katika mstari huo, kumbe ulikuwa juu ya wajibu wa mshika amana pale aliyeiacha hayupo wa kuulizwa. Nami pia nilikuwa na upande. Nilikuwa naamini sehemu ile ifungwe, na bado naamini, na sasa huandika hivyo katika kurasa za mwanzo za ripoti zangu, pamoja na jambo ambalo lingenifanya nibadilishe mawazo, ili msomaji ajue ni wapi anipime kwa ukali zaidi. Wapo wenzangu wanaoona kwamba kukiri namna hiyo kunaipunguzia ripoti heshima. Nafikiri msomaji aliyeambiwa mapema anaweza kuyatumia matokeo yangu hata kama anachukia msimamo wangu, na huyo ndiye msomaji ninayemtaka.

Jambo jingine nililolibadilisha nimelichukua kutoka mahakamani. Majaji wasipokubaliana, hukumu ya wachache huandikwa na kuhifadhiwa pamoja na ya wengi, kwa hoja zake zote, na wakati mwingine miaka mingi baadaye ndiyo inayofuatwa. Katika ripoti ya pili kila upande ulipata kurasa zake, ukazisoma kabla ya kuchapishwa, na ulikuwa na haki ya kusahihisha jinsi tulivyouelezea, ingawa haukuwa na haki ya kusahihisha matokeo. Katika kurasa za waliopinga nilikuwa nimeandika kwamba wao "wanatanguliza riziki kuliko hifadhi". Yule kijana aliikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: "wanaamini kwamba aliyekwisha kuzaliwa ndiye wa kwanza kula katika amana." Nikaiacha kama alivyoiandika.

Waliotuagiza ripoti waliomba, kama kawaida, sentensi moja ya kuweka juu ya muhtasari. Tuliwapa mbili, moja ya kila upande, moja chini ya nyingine, na chini yake ule mchoro wenye nundu mbili, bila wastani. Walitupigia simu kuuliza kama hapakuwa na kosa katika upangaji wa ukurasa. Tuliwaeleza kwamba hapakuwa na kosa. Kikao chao kuhusu ripoti ya kwanza kilikwisha kabla ya saa moja kumalizika. Cha ripoti hii, kwa jinsi nilivyoelezwa na aliyekuwamo, kilichukua siku mbili, na siku ya pili waliwaita watu wa pande zote mbili waje kusema wenyewe.